Kitabu cha vitufe kinamchangamsha mtoto usiku: nimnunulie kipi?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Umoja, Nairobi. Wa kwanza ana miaka mitatu na nusu, wa pili mwaka mmoja na nusu. Nilinunua kitabu cha picha chenye vitufe vya sauti. Ukibonyeza, ng'ombe analia au gari linapiga honi. Nilidhani kitawasaidia kulala, kumbe kinawachangamsha hadi saa nne usiku, na huyo mkubwa basi la shule humchukua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baba yao anasema tuweke programu ya hadithi kwenye tableti. Mimi hufika nyumbani saa mbili kasoro robo kwa sababu ya foleni ya Jogoo Road, nao hushinda na dada wa kazi. Je, kuna vitabu vya kumshirikisha mtoto vinavyofaa kweli wakati wa kulala? Viwe vya Kiswahili au Kiingereza? Na ninunue vingapi?

JIBU: Mama, kwanza pole na foleni. Kitabu hicho usikitupe. Kihamishie mchana, Jumamosi asubuhi kwa mfano, ambapo ng'ombe anaweza kulia mpaka betri ziishe na asilalamike mtu ila jirani. Usiku kiweke juu ya kabati. Jibu fupi ni hilo, pamoja na haya: tafuta kitabu kimoja au viwili vya kurasa ngumu, visivyo na betri, vyenye picha kubwa na maneno machache, na visomwe hivyo hivyo kila usiku. Tableti izimwe saa nzima kabla ya kulala. Lugha iwe ile inayokutoka bila kukwama.

Jibu refu linahitaji nafasi, maana katika kazi yangu ya kuhariri vitabu vya watoto, na kabla ya hapo kufundisha chekechea, nimeona wazazi wakilipa pesa nyingi kwa kitabu kinachofanya kila kitu chenyewe na kumwachia mtoto kazi ya kubonyeza tu.

Vitabu vya kuchezewa si jambo jipya. Huko London, katika miaka ya 1760, mchapishaji Robert Sayer alikuwa akiuza vijitabu vya karatasi iliyokunjwa. Msomaji alifunua nusu ya picha akakuta nyingine chini yake, na hadithi ikageuka. Leo madukani utakuta vya kufunua vifuniko, vya kugusa manyoya na vitambaa, vyenye matundu ya kupitisha kidole, vyenye picha zinazoinuka ukifungua ukurasa, na hivyo vya vitufe. Halafu ipo aina moja ambayo huwezi kuitambua ukiiona rafuni: kitabu cha kawaida kabisa, ila maneno yake yanamwomba mtoto afanye jambo. Zima mshumaa. Mfunike paka. Nong'ona. Kwa saa ya kulala naipenda hiyo kuliko zote, na bahati nzuri mara nyingi ndiyo ya bei ya chini.

Sababu ya kuviondoa vitufe usiku si kelele peke yake. Judy DeLoache, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Virginia huko Marekani, na wenzake waliwapa watoto wadogo vitabu vya aina mbili: vya picha tupu, na vingine vyenye sehemu za kuvuta na kufunua. Katika utafiti wao wa 2010, na mwingine wa 2012 uliohusu herufi, watoto walijifunza zaidi kwenye vile vya kawaida. Mkono ukipewa kazi ya kuvuta, akili huufuata mkono, maneno yakapita. Wazazi nao hubadilika. Mwaka 2019 Tiffany Munzer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwatazama wazazi 37, kila mmoja na mtoto wake mdogo, wakisoma kitabu cha karatasi, kitabu cha kidijitali cha kawaida, na kile cha kidijitali chenye sauti na picha zinazosogea. Kwenye karatasi walizungumza zaidi kuhusu hadithi, wakakishika kitabu pamoja. Kwenye skrini maneno mengi yaligeukia chombo chenyewe: usibonyeze hapo, ngoja, acha. Nadhani sentensi hizo unazijua.

Vifuniko sivipigi marufuku. Kimoja kwa ukurasa, kinachoficha kitu ambacho hadithi inakihitaji, ni kizuri sana. Nani amelala chini ya blanketi? Mtoto anakisia, anafunua, anaona. Shida ni ule ukurasa wenye vifuniko sita, ambao mtoto ataufunua wote kwa pupa kabla hujamaliza sentensi ya kwanza. Na kwa huyo mdogo wako, kifuniko cha karatasi nyembamba hakimalizi wiki.

Basi ushirikiano unatoka wapi? Unatoka kwenye mazungumzo yenu juu ya picha. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake huko New York walichapisha jaribio ambalo hadi leo ndilo msingi wa kazi hii. Watoto walikuwa wa takriban miaka miwili hadi mitatu. Kundi moja la wazazi lilielekezwa kuuliza maswali ya wazi, kulikubali jibu la mtoto, kuliongezea kidogo, na kumwacha mtoto aseme tena. Kundi la pili liliendelea kusoma kwa mazoea yake. Wote walisomea watoto nyumbani. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto wa kundi la kwanza walikuwa mbele katika kuzungumza.

Nikuonyeshe inavyokuwa kwenye ukurasa mmoja. Tuseme picha ni ya jioni: kuku anaingia bandani, vifaranga wanne wanamfuata, wa tano amebaki nje anachungulia ndoo.

"Huyu hapa anafanya nini?"

"Anaangalia maji."

"Eeh, anaangalia maji ndani ya ndoo. Labda ana kiu."

"Ana kiu. Anataka maji ya ndoo."

"Mama yake atamwitaje?"

"Ko! Ko! Ko!"

"Mwite polepole, wenzake wameshalala."

Na mtoto ananong'ona: ko, ko, ko.

Tazama yaliyotokea hapo. Hukuuliza hii ni rangi gani, wala vifaranga ni wangapi. Ulipoongeza neno "kiu", mtoto alilichukua na kulitumia papo hapo. Na la muhimu zaidi kwa saa hiyo, sauti yake imeshuka kwa sababu hadithi imemtaka aishushe, bila ya wewe kumkemea anyamaze. Sisi wazazi wa Nairobi tuna ugonjwa wa kugeuza kila kitabu kuwa mtihani, tukimwandalia mtoto usaili wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Usiku acha hayo. Mtoto anayeulizwa rangi saa mbili na nusu atakupa jibu sahihi na macho makavu.

Swali la wazi nalo lina kipimo chake. Mchana uliza upendavyo. Utafiti wa Whitehurst haukuwa wa kulaza watoto, ulikuwa wa kukuza lugha. Usiku maswali yawe kwenye kurasa za mwanzo tu. Kuanzia katikati, acha kuuliza na umpe mtoto vitendo vidogo vya mwili: mpapase paka huyu mgongoni, puliza taa, funga kiganja kama jani linavyojikunja, hema pole pole pamoja na tembo. Kurasa mbili za mwisho soma wewe peke yako, kwa sauti ya chini, bila kungoja jibu. Kitabu cha kulala kinapaswa kupunguza mwendo kama matatu inayokaribia steji, si kufunga breki ghafla.

Hapo ndipo utajua kuchagua dukani. Watu hufungua kitabu mwanzoni. Wewe anza na kurasa nne za mwisho. Je, kuna mtu bado anakimbia? Kuna mshangao mkubwa, wote wanaruka, puto zinapasuka? Kirudishe rafuni, hata kama jalada lina mwezi na nyota. Vitabu vingi vina mwezi kwenye jalada na vurugu ndani. Cha kulala hupungua rangi na vitu kadiri unavyofungua: wahusika wanapungua, sentensi zinafupika, picha inaingia usiku. Angalia pia kama kuna sentensi inayorudi kila baada ya kurasa mbili hivi. Hiyo ndiyo mtoto ataishika kwanza na kuisema pamoja nawe, na sentensi ileile ikirudi kwa sauti inayozidi kuwa ndogo, nusu ya kazi imekwisha.

Hadithi zetu za mdomo zilijengwa kwa kumtaka msikilizaji ajibu, kwa hivyo usione haya kuanza kitabu chochote kwa "Paukwa!" nao wajibu "Pakawa!" Ni alama nzuri kuwa mchezo umekwisha na hadithi inaanza, mtoto wa mwaka mmoja na nusu atadaka sauti ya mwisho na kufurahi. Ushauri wangu ni uishie hapo. Ule mwendelezo wa "Giza?" "La mwizi!" tuliufurahia tukiwa wakubwa kidogo na tukiwa wengi, lakini kumwambia mtoto wa miaka mitatu kwamba giza ni la mwizi, halafu ukazima taa, ni kujitafutia kazi ya usiku kucha.

Kuhusu wawili kwa pamoja: usitafute kitabu kimoja kinachowatosha sawasawa, hakipo. Gawa kazi. Mkubwa apewe mdomo, yaani kukisia, kuigiza sauti, kumalizia ile sentensi inayorudi. Mdogo apewe mkono: kugeuza ukurasa na kuonyesha kwa kidole. "Yuko wapi kifaranga?" Akionyesha, taja jina lake na uendelee. Ndiyo maana nasisitiza kurasa ngumu za kadibodi. Kwenye kurasa laini kugeuza kwake ni kuchana, na mtatumia usiku kugombana badala ya kusoma. Akikiuma kitabu, aume. Umri wake ndivyo unavyosoma.

Sasa idadi. Umeuliza vingapi, nami nasema viwili vinatosha kwa miezi. Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha mwaka 2011 utafiti wa watoto wa miaka mitatu. Baadhi walisomewa hadithi zilezile tena na tena, wengine walisomewa hadithi tofauti tofauti, na maneno mapya yalikuwa yaleyale, kwa idadi ileile. Waliorudiwa hadithi moja ndio waliokumbuka maneno. Kwa hiyo mtoto anayeleta kitabu kilekile kila usiku, nawe umeshakichoka mpaka unakiota, anajua anachokifanya. Marudio yanasaidia na usingizi pia, kwa sababu anajua kitakachofuata na hakuna cha kumshtua. Pesa ulizotenga kwa vitabu kumi nunulia viwili imara.

Lugha nitaisemea kwa ufupi. Mtoto wa Umoja husikia Kiswahili, Kiingereza, Sheng na pengine lugha ya nyanya yake, vyote kabla ya chakula cha mchana, wala hachanganyikiwi. Soma kwa lugha unayoweza kuichezea, utanie, uigize kuku na mzee wa kijiji. Kitabu kikiwa cha Kiingereza na mazungumzo yenu yakawa ya Kiswahili, hakuna ubaya wowote. Ila usitafsiri sentensi kwa sentensi, maana hadithi hupoa. Kama wewe au baba yao mna lugha ya nyumbani ambayo mngependa wairithi, usiku ni saa yake nzuri, kwani picha hazina lugha. Tahadhari moja kwa vitabu vya Kiswahili vya hapa kwetu: vingi vimetungwa kwa ajili ya darasa. Vina hadithi nzuri, lakini fungua nyuma. Ukikuta "Zoezi" na maswali ya ufahamu, jua kuwa hata mpangilio wa hadithi umelenga mwalimu. Hivyo ni vya baadaye.

Tableti. Namwelewa baba yao, na sisemi programu za hadithi ni mbaya. Nasema saa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 kwa watoto wa chini ya miaka mitano unasema mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, tena kidogo zaidi ni bora. Mwongozo huohuo unapendekeza kusoma na kusimulia hadithi pamoja na mlezi pale mtoto anapokuwa ametulia mahali pamoja. Halafu kuna suala la mwanga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder walichapisha mwaka 2018 jaribio dogo la watoto kumi wa miaka mitatu hadi mitano. Walikaa kwenye mwanga mkali kwa saa moja kabla ya wakati wao wa kulala, na melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa ni usiku, ilishuka kwa karibu asilimia 90. Mwanga ulipoondolewa, kwa wengi wao ilikuwa bado iko chini dakika 50 baadaye. Kwa haki niseme kuwa mwanga wa jaribio lile ulikuwa mkali kuliko wa tableti. Lakini macho ya mtoto mdogo hupitisha mwanga zaidi ya ya mtu mzima, na taa nyeupe ya sebuleni inayowaka mpaka dakika ya mwisho nayo ina sehemu yake. Zima kubwa, washa ndogo ya manjano. Stima zikipotea, tochi iliyoelekezwa ukutani inatosha kusomea, na watoto huipenda.

Simu yako ina matumizi mengine mazuri. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini na kufunguliwa kwa umma mwaka 2014, una hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha kadhaa za Kenya, bila malipo, kwa leseni inayokuruhusu kuzichapisha na hata kuzitafsiri. Chagua moja ukiwa kwenye foleni ya Jogoo Road, uisome mara mbili tatu, kisha ama uisimulie usiku gizani bila kitabu, ama upitie saiba, duka la intaneti, wakuchapie. Waambie waichape kwa karatasi nzito, na uishone kwa uzi katikati. Pini za stepla ziepuke. Mdogo wako yuko umri wa kuzing'oa na kuzitia kinywani.

Na hapo nimefika kwenye jambo ambalo ningeliweka mwanzo kama ungekuwa umeniuliza kuhusu usalama. Fungua sasa hivi nyuma ya kile kitabu chenu cha vitufe. Vingi vinatumia betri zile bapa za mviringo, mfano wa sarafu. Mtoto akimeza betri ya aina hiyo ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu, hata kama haina chaji ya kutosha kuliza ng'ombe. Kifuniko cha betri lazima kifungwe kwa skrubu, na skrubu iwe imekaza. Kama ni cha kubana kwa kidole, au kimelegea, toa betri leo. Ukiwahi kushuku kuwa mtoto amemeza moja, usimtapishe na usingoje kuona kama itatoka yenyewe. Ni hospitali mara moja, yenye eksirei, na uwatajie neno betri mlangoni. Kwa vipande vingine vya vitabu vya kuchezewa, kama macho ya kubandika na vifungo, pima kwa kiini cha karatasi ya choo: kinachopita ndani yake hakifai kwa mdogo.

Vya kununua utavipata kwenye maduka makubwa ya vitabu kama Text Book Centre, au Prestige pale Mama Ngina Street, ambako wanakuachia ukae ufungue. Vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara mjini sividharau. Kadibodi nzito ya miaka mingi hudumu kuliko mpya za bei rahisi. Utakuta theluji na mabomba ya moshi ndani yake, na wewe una uhuru wa kusema hiyo ni pamba imemwagika. Nusa kwanza kama kina uvundo, kagua kama vifuniko vyote vipo, na chenye betri kiache hapohapo. Kabla ya kununua chochote, pitia maktaba. Tawi la maktaba ya taifa la Buruburu liko karibu nawe, na maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo shirika la Book Bunk limezifufua, zina nafasi za watoto. Mpeleke mkubwa Jumamosi, tazama ni kitabu gani anakirudia mwenyewe. Hicho ndicho cha kununua.

Au kitengeneze. Nasema kwa uzito: kitabu bora cha kulala nilichowahi kukiona mikononi mwa mtoto kilikuwa cha karatasi ya manila na mabaki ya leso. Kata manila vipande vinne vya ukubwa wa karatasi ya A4, vikunje katikati, toboa matundu matatu kwenye mkunjo na uvishone kwa uzi mnene. Umepata kurasa kumi na sita. Kila upande wa kulia mchore au mbandike mtu au mnyama wa mtaani kwenu anayeelekea kulala: mama mboga, paka wa kibarazani, fundi wa viatu, kuku wa jirani, mwishowe watoto wako wenyewe, kwa picha zao. Juu ya kila picha shona kipande cha leso kwenye ukingo wa juu tu, kiwe shuka. Mwanzoni mwa kitabu mtu yuko wazi, anafunga kibanda, ananawa miguu. Kazi ya mtoto ni kumfunika. Unaona tofauti? Vitabu vya dukani humtaka mtoto afunue, na kufunua huamsha hamu. Hiki kinamtaka afunike. Maneno yawe sentensi moja inayorudi, "Mfunike, amechoka," na mtoto ataisema kabla yako baada ya siku chache. Picha zikifubaa unabandika nyingine.

Sasa ratiba yako, maana hapo ndipo penye ugumu kuliko kwenye vitabu. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka mitatu hadi minne alale saa 10 hadi 13 kwa siku, na wa mwaka mmoja hadi miwili saa 11 hadi 14, usingizi wa mchana ukiwemo. Mkubwa wako akiamshwa saa kumi na mbili asubuhi na kulala mchana shuleni kwa muda wa saa moja, basi akilala saa nne usiku amepata tisa tu. Akilala saa mbili na nusu anapata kumi na nusu. Kwa hiyo una kama dakika arobaini toka unapoingia mlangoni. Dada awe ameshawalisha, ameshawaogesha na kuwapigisha mswaki kabla hujafika. Wewe nawa mikono, vua viatu, ingia moja kwa moja kwenye kitabu. Usianze na sufuria wala habari za siku. Dakika kumi na tano, taa, basi. Chakula chako utakila kwa amani wakiwa wamelala.

Siku ambazo Jogoo Road imekataa kabisa, kitabu kisikusubiri. Asome dada. Mwonyeshe mara chache unavyofanya, hasa ile sehemu ya kupunguza sauti, na mwambie wazi kuwa hiyo ni kazi yenye heshima kama kupika. Ikiwa kusoma kunamtatiza, usimwaibishe: mpe kitabu cha picha tupu, au hicho cha kufunika, asimulie kwa maneno yake. Huenda ana hadithi za kwao ambazo wewe huzijui. Ukifika uwakute wamelala, usiwaamshe ili kutuliza moyo wako. Soma nao Jumapili asubuhi kitandani. Faida ya lugha haijali saa.

Watakuomba "tena". Amua idadi kabla hujafungua na uitangaze: leo mara mbili. Ukimaliza ya pili, mkubwa ndiye afunge kitabu na kukiweka mahali pake, si wewe. Watoto hupigana na mkono wa mtu mzima unaowanyang'anya. Mkono wao wenyewe hawapigani nao.

Usitegemee usiku wa kwanza kuwa mzuri. Jodi Mindell na wenzake waliwafuata akina mama 405 wa watoto wachanga na wadogo katika utafiti wa mwaka 2009. Waliopewa utaratibu uleule wa kila usiku, kuoga, kupakwa mafuta, jambo la utulivu, kisha taa kuzimwa, waliona watoto wakishikwa na usingizi mapema zaidi na kuamka mara chache zaidi, na hayo yalikuwa ya majuma mawili. Wewe jipe matatu, kwa sababu una wawili. Majuma hayo yakipita na mkubwa bado anajigeuza kwa saa nzima kila usiku, au unamsikia akikoroma, akipumua kwa mdomo na kushtuka usingizini, acha kubadilisha vitabu. Mpeleke kliniki wamwangalie koo na pua.